Skripti ibebe picha, lebo isomwe na mtu

Kanzidata huria ya vyakula ya Open Food Facts, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012 na Stéphane Gigandet, imejengwa kwa picha za watu wa kawaida. Mtu anashika pakiti, anaskani msimbo pau, anapiga picha upande wa mbele, orodha ya viambato na jedwali la lishe, kisha anazituma. Kwa njia hiyo zimekusanywa bidhaa zaidi ya milioni 3. Hata hivyo, nyingi kati ya hizo zina picha pungufu, au picha za kifungashio kilichokwisha badilishwa. Ndiyo maana wachangiaji wanaojua kuandika programu wanahoji: kwa nini tuhangaike na picha moja moja kwenye simu, wakati mfumo una API, yaani mlango wa programu kuwasiliana nao moja kwa moja, unaoruhusu skripti (programu fupi ya kujiendesha) kupakia mamia kwa mkupuo?

Mimi niko upande wao, ila kwa sharti. Skripti ipewe kazi ya kubeba picha. Kuamua picha hiyo inasema nini, na ni ya bidhaa gani, kusiachwe mikononi mwake peke yake.

Picha ndiyo ushahidi wa kila kitu kingine kilichomo humo. Mama ambaye mwanawe ana mzio wa karanga hapaswi kuridhika na orodha ya viambato iliyochapwa na mtu asiyemjua. Akifungua picha ya lebo anajisomea mwenyewe. Tena picha haichoki kutumika. Robotoff, programu ya mradi huohuo, huzipitia picha na kupendekeza chapa, kategoria au viambato, na kadiri teknolojia ya kusoma maandishi inavyoboreka, picha ya zamani inaweza kusomwa upya na kutoa kilichoshindikana mwanzo. Alama ya Nutri-Score nayo, ile ya herufi A hadi E inayoonyesha ubora wa lishe wa chakula, ambayo Ufaransa iliipitisha mwaka 2017, hukokotolewa kwa kutumia sukari, chumvi, mafuta yaliyoshiba na vipimo vingine katika kila gramu 100. Pasipo jedwali linalosomeka, alama hiyo haipatikani. Kwa hiyo anayeziba mapengo ya picha kwa kasi anafanya kazi yenye manufaa makubwa, na kumkatisha tamaa ni hasara kwetu sote.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Chukua njia inayotumika sana kupanga picha nyingi: unapiga kwanza picha ya msimbo pau, halafu pande nyingine za pakiti hiyo, halafu msimbo pau wa pakiti inayofuata. Skripti inausoma msimbo na kuzipachika picha zote zinazofuata kwenye bidhaa hiyo, mpaka ikutane na msimbo mwingine. Sasa msimbo mmoja ukimezwa na mng'ao wa plastiki, programu haijui kwamba bidhaa imebadilika. Viambato vya pakiti ya pili vinaingia kwenye ukurasa wa pakiti ya kwanza. Tarakimu ya mwisho ya msimbo, ile ya uhakiki, haisaidii hapa, kwa sababu msimbo uliotumika ni sahihi kabisa. Kilichokosewa ni mwenye nao. Mtu aliyeshika pakiti mkononi angeliona kosa papo hapo. Skripti inasonga mbele, na yule mama wa mtoto mwenye mzio anasoma lebo ya chakula kingine.

Kuna pia misimbo inayoanza na tarakimu 2. Hiyo kwa kawaida hutengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kwa mfano nyama au jibini inayopimwa hapohapo, kwa hiyo maduka mawili yanaweza kutumia msimbo uleule kwa vitu tofauti. Skripti makini iisimamishe misimbo hiyo hadi mtu aitazame. Lugha nayo ina mtego wake: kila picha teule, yaani iliyochaguliwa kuonyesha upande wa mbele, viambato au lishe, huwekewa lugha, na lebo ya Kifaransa ikiingizwa kama ya Kiingereza, maandishi yanayosomwa humo huishia mahali pasipo pake.

Haki miliki sitaizungusha. Picha za kanzidata hii hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomtaka mtumiaji kumtaja mwenye picha na kushirikisha kazi yake kwa masharti yaleyale. Huwezi kutoa leseni ya kitu kisicho chako. Kuchota picha kutoka tovuti za maduka kwa skripti ni rahisi mno, na hakufai. Pakia ulizopiga mwenyewe, au ulizopewa kwa ruhusa ya wazi.

Je, hatari hizi zinatosha kupiga marufuku upakiaji wa mkupuo? Sioni hivyo. Kosa linalofuatilika linaweza kurekebishwa. Kinachoniumiza ni skripti inayotumia akaunti ya kawaida ya mtu, ikachanganya kazi ya mkono na ya mashine, kiasi kwamba siku makosa yakigundulika, wanaojitolea kusafisha hawajui waanzie wapi. Wanaojitolea hao ni wachache kuliko picha zinazoingia, na saa zao ndizo tunazozitumia tunapokosea kwa kasi. Skripti iwe na akaunti yake, ijitambulishe kwa seva kwa jina, toleo na anwani ya mawasiliano, na itunze kumbukumbu ya faili gani ilipelekwa kwenye msimbo upi.

Kabla ya kutuma, ioneshe picha zote za bidhaa moja pamoja na jina lililopo tayari kwenye kanzidata, mtu athibitishe kwa kubofya. Hapo kasi itapungua kidogo, lakini bado itakuwa mbali sana na ile ya simu. Na majaribio yote yafanyike kwanza kwenye seva ya majaribio ambayo mradi umeitenga kwa kazi hiyo, ambako picha ikipotea njia hakuna anayeitegemea kuchagua chakula chake.