Kishikwambi kwa mzee aliyeanza kusahau: kimsaidie nani?

Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu vimekifanya chombo hicho kisiwe kigeni tena Unguja na Pemba, na ni halali kuuliza kama kinaweza kumfaa mzee mwenye dimenshia changa, yaani maradhi ya kusahau yakiwa katika hatua za mwanzo, pamoja na anayemwangalia. Programu zinazotolewa kwa ajili yao ni, kwa jumla, michezo ya kunoa akili, vikumbusho vya dawa na miadi, na mafunzo kwa mwangalizi. Kwa maoni yangu, ile inayotangazwa kwa kishindo, yaani michezo, ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote.

Mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya serikali ya nchi hiyo kuituhumu kuwa ilitangaza bila ushahidi wa kutosha kwamba michezo yake huchelewesha kudhoofika kwa akili uzeeni. Anayecheza sana huwa hodari wa mchezo anaoucheza. Haifuati kwamba atakumbuka kuzima jiko.

Hata hivyo, si haki kusema kuwa kuishughulisha akili hakuna maana. Tiba ya vikundi iliyobuniwa Uingereza, ambapo wagonjwa huzungumza, huimba na kushika vitu vya maisha yao, ilijaribiwa pia wilayani Hai, Kilimanjaro, na wazee walioshiriki walipata nafuu ya akili bila kuhitaji kioo cha kishikwambi. Watetezi wa vishikwambi hujibu kwamba si rahisi kuwakusanya wazee wa Micheweni, Pemba, mahali pamoja mara mbili kwa wiki, ilhali kishikwambi huifikisha shughuli hiyo ukumbini kwao. Hoja hiyo ina uzito. Mjukuu akimfungulia bibi yake picha ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, asimuulize, "Bibi, hivi ni vitu gani?", kwani hapo amemtia mtihanini, amuulize, "Bibi, hizi wamezichambua vyema kweli?", na huenda bibi akamwonyesha makonyo, yaani vijiti vya karafuu, yaliyobaki, kisha akamweleza jinsi walivyokuwa wakichambua usiku kucha msimu ulipopamba moto. Lakini tuone ni nani aliyefanya kazi hapo: picha ilifungua mlango, mjukuu ndiye aliyekaa kusikiliza. Chombo hicho hicho akiachiwa bibi ili anyamaze watu wafanye shughuli zao, hakina tofauti na televisheni.

Vikumbusho navyo vingefaa zaidi kama vingetengenezwa kwa ajili ya watu wetu. Kengele inayoandika 9:00 haimwambii kitu mzee aliyehesabu saa tatu maisha yake yote, na aliyejifunza kusoma katika chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu huenda asiyasome kabisa maandishi ya kioo. Afadhali sauti ya mwanawe iliyorekodiwa: "Mama, saa tatu hii, kunywa dawa ya presha." Ramadhani ikiingia, ratiba nzima ipangwe upya na daktari, baina ya futari na daku. Na kabla ya kuhukumu kwamba mzee hakiwezi kioo, macho yake yachunguzwe, pengine ana mtoto wa jicho.

Lipo jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni sitara. Chombo chenye kamera hakikosi atakayemrekodi babu akibwabwaja, na video ikifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hairudi tena. Mgonjwa katika hatua za mwanzo bado anaweza kukubali au kukataa kupigwa picha, kwa hiyo aulizwe mapema.

Manufaa makubwa nayaona kwa mwangalizi, ambaye mara nyingi ni binti au mke mwana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya mtandaoni yaitwayo iSupport, yanayomfundisha mwangalizi namna ya kuishi na mgonjwa na kujitunza mwenyewe. Maarifa ya aina hiyo, yakisomwa kwa sauti katika Kiswahili cha hapa na kuhifadhiwa kwenye simu aliyonayo tayari, yatamweleza kwa nini mama huuliza swali lile lile na kwa nini huwa mkali magharibi ikikaribia. Lakini anayedhani kwamba maarifa peke yake yataondoa mzigo, naona hajawahi kumwogesha mzee asiyetaka kuoga.

Pensheni Jamii ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, hivyo kumtaka mzee ajinunulie kishikwambi ni mzaha. Ningependelea vichache vianzie kwenye makaazi ya wazee ya Sebleni, Welezo na Limbani, mikononi mwa wahudumu waliofundishwa, na fedha itakayobaki imlipe mtu wa kukaa na mgonjwa saa chache kwa wiki ili binti yake apate kulala.