Sigara moja moja inatumaliza

Juzi nasubiri chenji dukani kwa Mangi, huku Sanawari, Arusha, akaja dogo mwenye sare ya shule na begi mgongoni. "Shikamoo." "Marahaba, nikupe nini?" "Fegi moja." Mangi akachomoa kwenye pakti iliyo wazi. Dogo akavuta kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo za dirisha, akawasha palepale. Nikamwuliza Mangi vipi tena, akasema katumwa na baba yake. Sawa. Na kuivuta nako katumwa?

Sheria ya kumkataza tunayo tangu 2003: chini ya miaka 18 hauziwi. Mwaka 2007 tukaridhia na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Ibara ya 16 inataka nchi zijitahidi kupiga marufuku kuuza sigara moja moja. Ahsante, tumeridhia.

Maana hii ya moja moja ndiyo inayovuruga kila kitu. Onyo limeandikwa kwenye pakti, na pakti anabaki nayo Mangi, ambaye wala havuti. Vuka Namanga uone, wenzetu Kenya wameweka picha za kutisha, sisi bado tuna maneno. Hata tukiweka picha kesho, dogo ataionea wapi? Anapewa kijiti kitupu. Piga kodi ukipenda. Pakti ikipanda, ile moja inaongezeka hela ndogo tu, ya kupoozea chenji. Mwanafunzi hana hela ya pakti nzima. Hela ya moja anayo, ni nauli ya kifodi. Atatembea kwa miguu.

Kuna fundi pikipiki hapa jirani anabisha: anasema akinunua pakti anaimaliza siku hiyohiyo, moja moja inamsaidia kupunguza. Haya, nakubali kwa shingo upande. Ila kutoka kwake mpaka kijiweni vibanda vimepangana, na kila kibanda kina kiberiti kinaning'inia. Anapunguzia wapi? Anayetaka kuacha kweli angepata vibandiko au bigijii za nikotini, kile kilevi cha kwenye tumbaku, ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Kaulizie duka la dawa la mtaani uone utakavyotazamwa.

Mkulima wa Urambo, kule Tabora, msinitajie, tumbaku yake nyingi inauzwa nje. Ugoro wa wazee wetu nao ni nikotini, najua, tutaugombania siku nyingine.

Mangi ana watoto wa kulisha, sina ugomvi naye. Ila bwana afya akipita mtaani kwetu anakagua choo, anakagua ndoo ya taka, mama ntilie asiye na aproni anaandikiwa faini. Halafu anaegemea dirisha lilelile la Mangi, kiberiti kinamgusa bega, anaagiza soda. Kitabu cha faini si anacho mkononi? Aanzie hapo.