Jua la mbaazi: kijana aliyechekwa kwa kusema kioo kinaacha mkia

Jumamosi iliyopita, kwenye banda la gemu la Chuno hapa Mtwara mjini, timu ya kijana mmoja ilifungwa raundi 16 kwa 11. Akavua hedifoni, akasema kioo cha kompyuta kinaacha mkia, yaani kila kinachotembea kinaburuta kivuli nyuma yake. Banda zima likaangua kicheko. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!" mmoja akamrushia, na huku kwetu, ambako mbaazi inalimwa na kuuzwa kwa magunia, methali hiyo inauma kuliko kwingine.

Kilichonogesha kicheko ni kiti alichokalia. Alikuwa kwenye kiti cha bosi, kompyuta ya kona yenye monita mpya iliyopinda, ambayo mwenye banda aliinunua fedha za korosho zilipotoka. Ni hezi 165, yaani inaweza kuonyesha picha mpya 165 kwa sekunde, na boksi lake, ambalo bado limewekwa juu ya kabati kama kombe, limeandikwa milisekunde 1, kwa madai kwamba kioo hubadili rangi ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waliomfunga walitumia vioo vya mtumba wa ofisini, hezi 60. Sasa mwenye kioo bora analalamika nini?

Waliocheka wana hoja, na si ya kijinga. Mtu wa kawaida huchukua karibu robo sekunde tangu aone kitu hadi kidole kibonyeze, yaani milisekunde 200 hadi 250. Milisekunde 10 au 20 za kioo zinaonekana kama punje ndani ya gunia. Tena wengi wanaolaumu kioo wanasumbuliwa na intaneti. Ukicheza na seva, ile kompyuta inayoendesha mchezo, iliyoko Johannesburg, kutoka Mtwara ni kama km 2,200 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za mawasiliano hukimbia kama km 200 kwa milisekunde. Kwenda na kurudi umeshatumia 22, na hakuna waya unaonyooka hivyo. Hapo mkia wa kioo ni kitu cha mwisho kukilaumu.

Ila Jumamosi hakuna aliyecheza na Johannesburg. Ilikuwa Counter-Strike ya zamani, gemu ya timu mbili kupigana risasi, ile 1.6 inayokwenda hata kwenye kompyuta iliyostaafu ofisini, mashine sita zimeunganishwa humo humo bandani. Ucheleweshaji wa mtandao wa ndani namna hiyo haufikii hata milisekunde chache, na ni ule ule kwa wote. Umeutoa mtandao. Wanabaki mchezaji, kipanya na kioo.

Nirudi kwenye ile milisekunde 1, kwa sababu ndiyo iliyomponza kijana. Watu wanaisoma kama uzito kwenye mfuko wa sukari, kwamba kilo ni kilo. Haiko hivyo. Kinachopimwa ni muda wa nukta moja ya kioo kutoka rangi moja ya kijivu kwenda nyingine, na kwa desturi saa huanza mabadiliko yakishafika asilimia 10 na husimamishwa yakifika 90. Mwanzo na mwisho wa safari, ambako ndiko nukta hujivuta zaidi, havihesabiwi. Mtengenezaji ndiye anayechagua atangaze kijivu kipi kwenda kipi. Halafu anapima ovadraivu ikiwa juu kabisa, yaani kioo kinasukumwa kwa umeme uliozidi ili kiwahi. Kama mtu anayeruka mtaro kwa pupa, nukta inapita pale ilipotakiwa kutua, na nyuma ya kila kinachotembea unaona ukingo mweupe unaokera. Hakuna anayecheza kwa mpangilio huo. Namba imepatikana mahali ambapo hakuna anayeishi.

Kuna na milisekunde 1 nyingine, ambayo haihusu kabisa nukta kubadilika rangi. Hiyo taa ya nyuma ya kioo inawashwa na kuzimwa haraka haraka ili jicho lisione ukungu wa mwendo, na kioo kinafifia. Namba ni moja, maana ni mbili, na kinachozitofautisha ni herufi ndogo pembeni ya boksi.

Monita ya kona ni ya paneli ya VA, mojawapo ya aina za vioo. Sifa yake kubwa ni weusi. Nyeusi ya VA ni nyeusi kweli, inapendeza usiku ukitazama filamu. Lakini fuwele zake, zile zinazozuia au kupitisha mwanga kwenye kila nukta, zikishatulia kwenye weusi, kuziamsha ziende kwenye kijivu cha giza ni kazi, na hapo milisekunde 20 na zaidi ni jambo la kawaida. Kwa hezi 165 picha mpya inakuja kila milisekunde 6. Hesabu mwenyewe: picha tatu au nne zinapita, nukta bado haijamaliza ya kwanza. Vile vioo vya mtumba ni vya aina nyingine, TN, na pamoja na ubaya wake wote (ukiinama kidogo nyuso zinageuka rangi), mara nyingi humaliza kazi ndani ya picha moja ya milisekunde 16.7.

Na hiyo 165 yenyewe haikumsaidia sana. Counter-Strike 1.6 kwa kawaida yake haivuki fremu, yaani picha, 100 kwa sekunde.

Jumapili nilirudi na simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 4. Tulipitisha mraba wa kijivu cha giza juu ya weusi, kwenye kioo cha kona na kwenye kimoja cha mtumba. Kwenye TN kivuli kilikuwa kimekwisha fremu ya nne. Kwenye kile cha bosi, fremu ya saba bado kilikuwepo, kama moshi wa koroboi ukutani. Tulipobadilisha ukawa mweupe juu ya kijivu cha mwanga, mambo yakageuka: kioo cha kona kikawa kisafi, mwendo laini, cha mtumba kinarukaruka. Kwa hiyo wanaosema ni kioo kizuri hawasemi uongo. Walikitazama mchana.

Ramani waliyochezea ni Dust2. Nje mchanga na jua tupu, ndani mahandaki ya giza. Kijana alifia mahandakini mara nyingi kuliko kwingine, nilikuwa nyuma yake namtazama.

Sitii chumvi. Mkia si ucheleweshaji mtupu. Ukingo wa adui huanza kuonekana kabla nukta haijamaliza safari, kwa hiyo huwezi kuchukua milisekunde 29 zote za fremu saba ukasema kijana aliona kwa kuchelewa kiasi hicho. Anachopoteza ni umbo. Anaona doa linalotambaa kabla ya kuona mtu, na kwa mlenga kichwa hilo ni tatizo lingine kabisa. Nikubali pia kwamba raundi 11 kwa 16 zina makosa mengine ndani yake, mawili niliyaona mimi.

Lakini lile la "milisekunde 20 ni nini" ndilo ninalolikataa. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, John Walker wa New Zealand akafuata kwa 3:32.5. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia tano ya mbio nzima, na hakuna Mtanzania niliyemsikia akisema ni punje. Milisekunde 20 ndani ya 250 ni kama sehemu moja ya kumi na mbili. Ile robo sekunde mnayo wote wawili, inafutana. Kinachoamua ni kinachobaki.

Jambo moja ambalo hali ya hewa yetu inatusaidia: fuwele za kioo huenda haraka zaidi zikiwa na joto. Aliyeko Newala juu, asubuhi ya Julai, huenda mkia wake ni mrefu kuliko wetu tunaotokwa jasho huku pwani.

Tiba za bure zipo. Ovadraivu iwekwe katikati. Weusi unyanyuliwe kidogo ili nukta zisianzie usingizini. Picha itapauka, ila mkia utapungua. Tulifanya yote mawili, kivuli kikaisha fremu ya tano. Kwa mashindano yenye kiingilio nilipendekeza zaidi ya hapo: timu zikibadilishana upande baada ya raundi 15, na viti vibadilishwe.

"Kaka, na vipanya vyao, na hedifoni, nani atakaa anachomoa nyaya?" mwenye banda akaniuliza. Akachagua njia yake. Kiti cha bosi sasa kimebandikwa karatasi, mashindano hakikaliwi. Wanafunzi wanakigombania jioni kwa gemu ya mpira, maana uwanja wa kijani wenye taa hauna mahandaki.