Jicho la Mtoto Lipimwe Kabla ya Mate Yake

Wazazi wengi siku hizi wanauliza kama wampime mtoto vinasaba ili wajue mapema iwapo atapata mayopia, ule udhaifu wa macho wa kutoona vizuri vitu vya mbali. Nawaelewa. Kutema mate kwenye kichupa ni rahisi, na mzazi aliyevaa lenzi nene tangu utotoni ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, kwa hali ilivyo leo, mimi nisingeanzia huko.

Sayansi yenyewe si ya kubabaisha. Mayopia hutokea hasa jicho linaporefuka kupita kiasi kwenda nyuma, taswira ikaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jeni zinazochangia ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo mno. Mwaka 2020, watafiti waliounganisha data za watu zaidi ya 540,000 walitaja sehemu 449 za jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya mtu, zinazohusika. Zikijumlishwa, hutoa alama moja ya hatari. Ukichukua watu wawili, mmoja ana mayopia na mwingine hana, alama hiyo humtambua mwenye nayo karibu mara 75 kati ya 100. Kwa mtafiti, hayo ni mafanikio makubwa. Kwa mama anayetaka kujua habari za mwanawe mmoja, bado kuna kubahatisha kwingi.

Tena watu wote wa utafiti huo walikuwa wa asili ya Ulaya. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Alama iliyotengenezwa kwa kundi moja hupungua nguvu ikitumiwa kwa watu wa asili nyingine, na mara nyingi Waafrika ndio wanaopata makadirio dhaifu kuliko wote. Anayeuza kipimo bila kumweleza mzazi jambo hilo anamdhulumu.

Halafu kuna jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa miaka sita na saba wenye asili ya Kichina, wengine wakiishi Sydney na wengine Singapore. Wa Singapore wenye mayopia walikuwa asilimia 29.1, wa Sydney, asilimia 3.3 tu, ingawa walisoma vitabu vingi zaidi. Nasaba ni ileile. Tofauti iliyojitokeza waziwazi ni kwamba wa Sydney walikaa nje karibu saa 14 kwa wiki, wenzao saa 3. Huko Guangzhou, China, nako shule zilipoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku, baada ya miaka mitatu waliopata mayopia walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwenye shule ambazo hazikuongeza. Alama iwe juu au chini, mtoto anahitaji kutoka nje mchana.

Anayetaka kutabiri, na aanze kwa kuuliza kama baba na mama wana mayopia. Kisha ampeleke mtoto wa miaka sita kwa daktari wa macho. Atatiwa matone yanayolegeza msuli wa kulenga, mboni zitapanuka, mwanga utamsumbua kwa saa kadhaa, naye pengine atalia. Lakini kipimo kitakachopatikana kina maana kubwa. Katika umri huo jicho huwa bado fupi kidogo, na ufupi huo, ambao ni akiba ya kulikinga na mayopia, hupimwa kwa dayopta, kizio cha nguvu ya lenzi. Ikiwa imeshuka chini ya +0.75, mtoto huyo yuko njiani kuelekea mayopia, na anapaswa kufuatiliwa kwa karibu kuanzia hapo.

Kuna mtoto mmoja, hata hivyo, ambaye ningemsisitizia mzazi wake kipimo cha vinasaba bila kusita: yule wa miaka miwili au mitatu ambaye tayari ana mayopia kali. Hapo huenda tatizo likawa jeni moja iliyoharibika, kama COL2A1 katika sindromu ya Stickler, ambayo huweza kubandua retina na kudhoofisha masikio na viungo. Jibu la maabara hubadilisha matibabu ya mtoto huyo, na pengine ya ndugu zake pia.