Ufunguo Uko Ndani

Nilikuwa nabadilisha bodi na prosesa ya kompyuta yangu, na wiki mbili nzima niliogopa pini. Soketi ya AM5, tundu la prosesa mpya za AMD, ina pini 1,718, nyembamba kama malaika ya mkononi, na zote zimekaa kwenye bodi, si chini ya prosesa kama ilivyokuwa AM4 iliyoitangulia. Ukidondosha skrubu moja mle, bodi imekwenda na maji. Kwa hiyo siku ya kufungua maboksi nilinawa mikono kama naingia thieta, nikazima feni ya dari, nikawafukuza watoto mezani, nikaishika prosesa kwa kingo zake kama nimeshika yai la kuazima.

Pini hazikunifanya kitu. Kilichoniumbua ni faili la PDF la ukurasa mmoja.

Mashine yangu ilikuwa na prosesa ya Intel, Core i5-8400, bodi ya B360, GB 16 za RAM ya DDR4 na kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super. Kadi ilikuwa bado inajiweza. Prosesa ndiyo iliyochoka: viini 6, nyuzi 6, na kwenye michezo ya siku hizi vyote vinagota asilimia 100, picha inakwama kwama kama daladala lenye klachi mbovu. Nikanunua Ryzen 5 7600 ya AMD, viini 6 na nyuzi 12, wati 65, inakuja na kipoza joto chake ndani ya boksi. Bodi nikachukua ya B650, na RAM mpya, GB 16 mara mbili za DDR5. DDR4 huwezi kuhama nayo kwenda AM5. Pengo lake lile la katikati linakaa mahali pengine, na ukilazimisha utavunja kimojawapo, RAM au tundu lake.

Diski ndiyo ilikuwa haiguswi. SSD ya SATA ya GB 500, Windows 11 Pro, michezo ya zaidi ya GB 300. Kuna watu watakwambia ukibadilisha bodi weka Windows upya, ni usafi. Hao wana faiba nyumbani. Mimi nina bando.

Basi nikajiandaa kama mtu anayeoa. Nilihakikisha diski ni ya mpangilio wa GPT na inawaka kwa UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta, maana diski ya MBR, mpangilio wa kizamani, kwenye bodi mpya iliyozima CSM, yaani njia ya kizamani ya kuwasha, haitaonekana kabisa kwenye orodha ya kuwashia. Nilihakikisha SATA ya bodi ya zamani ilikuwa kwenye AHCI, namna bodi inavyoongea na diski, na ya bodi mpya nayo ni AHCI, la sivyo Windows inaanza kuwaka halafu inaanguka ikilia haioni diski. Nilipakua dreva ya mtandao ya bodi mpya nikaiweka kwenye flashi kabla sijafungua skrubu hata moja, kwa sababu mashine isiyo na dreva ya mtandao haiwezi kwenda mtandaoni kutafuta dreva ya mtandao. Kila jambo nililipiga tiki kwa kalamu nyekundu. Orodha ilikuwa na mistari 14. Uliotakiwa ulikuwa wa 15.

Mwaka uliotangulia, mtaani kwetu kulikuwa na wimbi la wizi wa laptop, nikawasha BitLocker, kufuli la diski la Windows. Ukiiwasha, kila kilichomo kwenye diski kinavurugwa, na bila ufunguo ni uji mtupu. Siku zote huhisi chochote, kwa sababu ufunguo unashikwa na TPM, kitunza siri kilichomo ndani ya mashine, na TPM ikiona mashine ni ile ile, inafungua kimya kimya kabla hujafika kwenye nywila. Kwa siku ya dharura Windows inakupa ufunguo wa tarakimu 48 na kukuuliza uuweke wapi: kwenye akaunti ya mtandaoni, kwenye flashi, au uuchape kwenye karatasi. Akaunti ya mtandaoni niliikataa kwa kiburi tu. Flashi sikuwa nayo karibu. Nikajaribu kuuhifadhi kwenye diski ile ile, ikagoma: haiwezekani kuweka ufunguo wa diski ndani ya diski inayofungwa.

Nikabonyeza kuchapa. Kwenye orodha ya printa kuna moja isiyo na wino wala karatasi, inatoa PDF. Nikachapa PDF, nikaiweka palepale kwenye skrini ya mbele, ndani ya diski ile ile, nikaipa jina MUHIMU SANA USIFUTE. Nikajiona nimewazidi akili wahandisi wote wa Microsoft. Tena nikasahau kabisa.

Kufunga vyuma kulikwenda vizuri kupita kiasi. Prosesa unailaza pembetatu kwa pembetatu, haishindiliwi, inakaa yenyewe. Kile kifuniko cheusi cha plastiki usikitoe kwanza. Shusha fremu, vuta mtaimbo wake mdogo, kifuniko kitaruka chenyewe. Mtaimbo unapokaza unalia kwiii, na hapo kila mtu anafikiri amevunja. Hujavunja, ndivyo ulivyo. Kipoza joto cha boksini kinataka utoe vishikio viwili vya plastiki vilivyokuja na bodi, skrubu nne, kisha ukaze za kwake kwa msalaba, kidogo kidogo, siyo kumaliza upande mmoja ndiyo uhamie mwingine. RAM mbili zinakaa tundu la 2 na la 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Waya mkubwa wa pini 24, na ule wa pini 8 wa prosesa kule juu pembeni, ambao ukiusahau feni zitazunguka na picha hutaiona milele. Sikuusahau.

Nikawasha. Feni zikazunguka. Skrini nyeusi. Kwenye bodi taa ndogo ya DRAM imekaa njano.

Hili nalo nilikuwa nalijua. AM5 ikiwaka mara ya kwanza inaipima RAM mpya na kujipangia namna ya kuongea nayo, na shughuli hiyo inachukua dakika mbili tatu, wakati mwingine hata kumi, bila kukupa hata nukta moja ya picha. Dawa ni kukaa mbali na swichi. Wengi wanazima, wanawasha, wanazima, kila mara wanaianzisha upya, mwisho wanairudisha bodi dukani ikiwa nzima. Mimi nikakalia mikono yangu, kihalisia, nikatazama ile taa.

Dakika ya nne nyumba nzima ikazimika.

"Baba, umeunguza nini?" mama watoto akauliza kutoka jikoni.

Sikuwa nimeunguza kitu. LUKU ilikuwa imeisha. Nikanunua umeme kwa simu, nikaenda kwenye mita na tochi, nikabonyeza tarakimu 20, nikakosea ya 17, nikaanza upya. Kumbe yalikuwa mazoezi.

Awamu ya pili taa ya njano ikazima, skrini ikafunguka, nikapiga makofi peke yangu. Yakatokea maandishi meupe kwenye weusi, Kiingereza kirefu: prosesa mpya imeonekana, bonyeza Y kuifuta TPM, na kama una BitLocker mashine haitawaka bila ufunguo wa dharura, au bonyeza N kubakiza. Hivi ndivyo ninavyojua leo. Siku ile nilisoma "Y" nikabonyeza, kama ninavyokubali masharti ya kila programu tangu nizaliwe. Kusema kweli hata N isingenisaidia, maana TPM ya bodi mpya haikuwahi kuujua ufunguo wangu. Aliyekuwa anaujua ni bodi ya zamani. Lakini angalau ningekuwa nimeonywa.

Kisha ikaja skrini ya bluu ya BitLocker. Kisanduku kimoja kirefu, kinasubiri tarakimu 48, makundi 8 ya sita sita.

Ndipo nikakumbuka PDF yangu. Nililikumbuka mpaka jina lake kwa herufi kubwa. Nililiona mpaka mahali lilipokaa, kushoto, chini ya kopo la taka. Ufunguo wa nyumba nilikuwa nimeuweka salama kabisa, juu ya meza ya sebuleni, nikafunga mlango kwa nje.

Nilibahatisha kidogo, nikiri. Kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, na ukiandika lisilogawanyika mashine inakukatalia hapo hapo. Kwa mtu aliyekata tamaa hiyo inafanana na msaada. Nikatoa kalkuleta, nikapata makundi kadhaa yanayogawanyika, nikajiona nakaribia. Yako 65,536 yanayokubalika, kwa kila nafasi, na nafasi ni nane. Mama watoto akapita, akatazama skrini, akatazama kalkuleta, akasema, "LUKU imeisha tena?"

Njia ilikuwa moja: kuirudisha diski kwenye bodi iliyokuwa inaijua. Kwenye mashine za Intel za aina ile TPM si kidude cha kuchomeka, imo ndani ya mfumo wenyewe, inaitwa PTT. Bodi ile ile, prosesa ile ile, mipangilio ile ile ya BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, na diski itafunguka kana kwamba hapajatokea kitu. Mradi hakuna aliyekwenda kufuta TPM wala kupandisha toleo la BIOS.

Bodi nilikuwa nimeiuza juzi yake. Kijana mmoja wa Mbagala, na RAM zake na prosesa ikiwa bado imekaa kwenye soketi.

Nikampigia. "Dogo, ile bodi umeshaiwasha?"

"Bado bro, sina pawasaplai. Kwani ina tatizo?"

Sijawahi kufurahia umaskini wa mtu namna ile. Nikafungasha diski, pawasaplai yangu, na kadi ya grafiki. Kadi nayo nilibeba kwa makusudi, ingawa i5-8400 inatoa picha yenyewe: TPM inakumbuka mnyororo mzima wa uwashaji, na firmwea ya kadi, programu iliyomo ndani yake, ni pingu mojawapo ya mnyororo huo. Ukiitoa kadi inaweza kusita, na mimi sikutaka ianze kunitilia shaka tena. Kwenye daladala konda akalitazama boksi akasema mzigo huo unalipiwa. Nikalipa.

Kwa dogo tuliipanga bodi juu ya kartoni yake, kwenye meza ya kulia chakula. Hakuna kasha, kwa hiyo hakuna swichi. Unatafuta zile pini mbili za kuwashia pembeni mwa bodi, unazigusisha kwa ncha ya bisibisi sekunde moja, unaachia. Bibi yake alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. Aliponiona nagusa chuma kwenye chuma na mafeni yakaruka kuzunguka, akaacha ungo.

"Mjukuu wangu, huyu fundi au mwizi? Mnaniunguzia nyumba!"

"Shikamoo bibi. Dakika tano tu."

"Marahaba. Tano, nahesabu."

Windows ikafunguka bila swali. Skrini ya mbele ileee, kopo la taka, na chini yake MUHIMU SANA USIFUTE. Niliifungua, nikaipiga picha kwa simu, nikaiandika kwa mkono kwenye daftari la dogo, nikamwomba dogo anisomee, nikaandika tena, tukalinganisha. Kuipeleka steshenari wakachape nilikataa, maana kila kilichowahi kuchapwa kule bado kiko kwenye kompyuta yao, pamoja na vyeti vyako vya kidato cha nne.

Halafu nikafanya ule mstari wa 15. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika:

manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 0

Hiyo inaisimamisha BitLocker mpaka wewe mwenyewe uiamshe. Ile sifuri ya mwisho ina kazi: usipoiweka, kinga inarudi yenyewe baada ya kuwasha tena. Diski haifumuliwi, ni ufunguo tu unaachwa mlangoni. Haizidi dakika moja. Ningefanya nyumbani kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, nisingemjua bibi huyu.

Wakati nafungasha, dogo alikuwa ananieleza mipango yake. Ana laptop iliyopasuka kioo, Windows yake nzima na kazi zake za chuo zimo humo. Atachomoa SSD yake aichomeke kwenye hii bodi, mwili uliobaki auze spea, hela hiyo inunue pawasaplai. Kuna kitu kilinijia kichwani nikataka kumwambia. Bibi akasema dakika tano zimeisha, na bajaji nje ilikuwa inapiga honi.

Nyumbani nikarudisha kila kitu, nikaweka daftari mbele yangu, miwani, taa ya mezani, kidole tayari kwenye tarakimu ya kwanza. Mashine ikapita moja kwa moja mpaka ndani. Haikuuliza hata moja kati ya zile 48. Ikazungusha vidoti kidogo, ikajitafutia dreva, nikaweka ya mtandao kutoka kwenye flashi, mchezo ukafunguka na ule ukwamaji haupo. Nikaandika amri ile ile kwa -enable badala ya -disable, bila -rebootcount 0, BitLocker ikafunga ndoa na TPM mpya. Pembeni chini kulia yakabaki maandishi ya kijivu kwamba Windows haijaamilishwa, kwa sababu leseni ilikuwa imeandikishwa kwa bodi ya zamani, na wenye akaunti ya mtandaoni ndio wanaoweza kubonyeza kwamba wamebadilisha vifaa wakasamehewa. Kiburi changu kile kile.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Dogo.

"Bro, umeifunga bodi yangu! Nimewasha, imekuja bluu, inataka tarakimu arobaini na nane. Nimeziweka zile tulizoandika kwenye daftari, inakataa. Bibi anasema alijua tangu siku ile."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Dogo," nikamwambia, "ule mwili wa laptop, umeshauuza?"