Gari Namba B

Saa moja na nusu asubuhi, chai haijapoa, simu inalia. Sauti ya binti, laini kama maandazi ya jana usiku: "Mteja wetu mpendwa, bima ya gari lako inaisha tarehe 30." Mpendwa! Mwenye nyumba ananiita "yule wa uani" mwaka wa sita sasa, huyu hata sura hanijui naitwa mpendwa. Nikajua hapa kuna hela inatafutwa.

Mimi nina bima ndogo, ile ya 118,000 ya kuwa na amani trafiki akisimamisha. Binti anasema niongeze 60,000 tu, nikiharibikiwa njiani wanakuja kunivuta, betri ikilala wanaibusti, mafuta yakiisha wanayaleta. Usiku na mchana. Nikamwambia nitafikiria.

Kufikiria kwenyewe kukanirudisha Mlandizi.

Mwezi wa nane tulikuwa tunakwenda Morogoro harusini. Kiti cha nyuma kakaa mama mkwe, kitenge kipya, mkoba kaupakata kwa mikono miwili. Kibaha tumepita vizuri, naendesha kwa adabu, hata honi sipigi. Kufika Mlandizi mshale wa joto ukapanda, boneti likaanza kufuka. Gari limechemsha. Nikaegesha, nikakata matawi nikayapanga barabarani, maana pembetatu nilimwazima mtu, na mtu mwenyewe kahamia Tunduma.

Geuka hivi, bodaboda saba. Hutokea wapi hawa watu? Wa kwanza akasema gasketi imekwenda. Wa pili akasema feni. Wa tatu hata boneti hakulitazama, akasema hizi gari ndivyo zilivyo. Wa nne akauliza kama nauza.

Akaletwa fundi, kijana wa ndala mbili zisizojuana. Akachovya kidole kwenye maji ya rejeta, akakilamba, akatazama mawinguni kama mtu anayekumbuka jina. "Rejeta imetoboka, bosi. Toa elfu mbili ya binzari."

"Ya nini?"

"Binzari. Ile ya manjano, ya jikoni."

Nikageuka kwa siri kumtazama mama mkwe. Kashusha kioo, kasikiliza, kapandisha kioo.

Wakati boda kaenda dukani, likaja bredauni, taa za njano zinazunguka mchana kweupe. Dereva hakushuka. "Mpaka Moro laki tatu." Nikamwambia laki. Akacheka na utingo wake, halafu akachungulia ndani: "Na huyo mama tunamvuta humo humo?" Jibu nilikuwa nalo, tena refu, lakini mbele ya mkwe mtu unatukana kwa macho tu. Akaondoka, akaniachia moshi juu ya moshi wangu.

Basi binzari ikamwagwa, maji madumu mawili, fundi akapiga rejeta kofi moja la kirafiki, na tundu likaziba. Wallahi likaziba. Tukaenda mwendo wa 50, vioo vyote wazi, gari zima linanukia shughuli ya Kiswahili. Mama mkwe toka Mlandizi kimya. Laiti angegomba! Tunaingia Msamvu ndipo akafungua mdomo: "Baba Neema, mwenzenu nimeshikwa na njaa."

Sasa piga hesabu. Fundi 15,000. Binzari 2,000. Boda wa kwenda dukani 3,000. Wale sita waliobaki, hela ya soda, kwa kazi ya kusimama. Wiki iliyofuata rejeta ya mtumba Gerezani, 130,000, muuzaji kaapa imeshuka melini juzi. Kwa hesabu hiyo 60,000 ni bure! Nikampigia binti mwenyewe, kwa vocha yangu.

"Mlandizi mnafika?"

"Tunafika kilomita 40 kutoka mjini, mpendwa. Gari lako la mwaka gani?"

Nikasema 2001. Kimya. Nikasikia anaandika. "Samahani, huduma hii ni kwa magari yasiyozidi miaka 15."

Jamani! Gari la miaka mitatu linaharibika lini? Lenye kuhitaji kuvutwa ni hili langu, namba B, usajili wa zamani, ambalo lingekuwa mtu lingeshapiga kura. Mwenye namba E, usajili wa juzi, anavutiwa nini, kioo kikiwa na vumbi? Na asubuhi yote hiyo mpendwa, mpendwa, namba ya gari anayo mbele yake! Nikakata simu. Chai imeweka utando.

Mke wangu anasema hiyo 60,000 tubadilishe matairi. Sijamjibu, nina kesi nyingine. Tangu Mlandizi naweka pakiti ya binzari kwenye droo ya dashibodi, ya dharura, hairuhusiwi kuguswa. Leo nimeikuta imefunguliwa, imebaki nusu.

Na wali wa Jumapili ulikuwa wa njano.