Heroe wa Nakuru Hupauka Wakifika Mtandaoni

Inaudhi sana kwamba picha ya heroe iliyopigwa asubuhi kando ya Ziwa Nakuru, yenye rangi ya waridi iliyokolea kwenye mbawa, ikishapakiwa mtandaoni huonyesha ndege waliochujuka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Mteja anayeiona kwenye simu yake humlaumu mpiga picha, ilhali faili aliyokabidhiwa mkononi ni safi kabisa.

Chanzo kimoja ni wigo wa rangi, yaani jumla ya rangi ambazo faili inaweza kuzibeba. Kamera nyingi za kitaalamu humruhusu mtumiaji kuchagua Adobe RGB, wigo mpana uliotolewa mwaka 1998, lakini intaneti imezoea sRGB ya mwaka 1996, iliyo finyu zaidi. Tovuti ikiyafuta maelezo ya wigo yaliyomo ndani ya faili, simu huzisoma namba zilezile kwa kipimo cha sRGB, na rangi hufifia. Hilo angalau lina dawa: igeuze picha iwe sRGB kabla ya kuipakia.

Kinachokera zaidi ni kubanwa upya. Mitandao hupunguza vipimo vya picha, kisha huibana kwa JPEG, njia ya kupunguza ukubwa wa faili ambayo kwa kawaida hutunza mwanga kuliko rangi, hivyo manyoya mekundu ya bawa huungana yakawa doa moja, na anga laini juu ya kreta ya Menengai hujaa michirizi. Tupewe hiari ya kupakia picha ilivyo, hata ikila bando zaidi, kwa maana bando lenyewe tunalinunua kwa pesa zetu.